Upande wa Dirisha

Katika nyumba ya Joyline kule Kiamunyi, hakuna kitu kilichowahi kuachwa uchi. Rimoti ya televisheni ilivaa nailoni iliyobanwa kwa mpira wa nywele. Makochi yalivaa vitambaa, na vitambaa vikavaa plastiki. Godoro la chumba cha nyuma lilikuwa bado ndani ya ganda lake la dukani, na mtu akijigeuza juu yake lilipiga kelele kama mahindi yanayokaangwa. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, jirani yake Kinsi, mwenye duka la lango la pili, alimwambia aanze kutoza watu kiingilio, kwa kuwa nyumba yake sasa ilikuwa makumbusho.

Joyline alicheka, lakini hakuvua kitu. Alizaliwa katika landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Nakuru, ambako baba yake alikuwa mmoja wao, na kila kitu walichokitumia, kuanzia kitanda hadi beseni, kilikuwa mali ya reli. "Kitu cha wenyewe hurudi kama kilivyokuja," mama yake alikuwa akisema. Baadaye Joyline alijifunza kufuma sweta za shule kwa mashine, na kazi hiyo ikaongezea somo lile lile nguvu: sweta ikishavuliwa nailoni yake imekuwa kuukuu, hata kama haijavaliwa.

Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, Makhanu, chumba baada ya chumba. Makhanu alikuwa mtu wa kuimba besi kanisani na wa kurekebisha mambo kwa mikono yake mwenyewe. Kila mvua kubwa ilipopita, ufa mwembamba ulijitokeza kwenye sakafu ya chumba cha nyuma, walikolala wao wawili, na kila ulipojitokeza, Makhanu alipiga magoti na mwiko wake, akaupaka simiti. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," aliimba kwa sauti yake nzito, kana kwamba methali ile ilikuwa wimbo wa Jumapili. Vumbi la barabara lilipozidi, na baridi ya Julai ikaanza kuwauma mabegani, aliziba pia yale matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha. Aliyajaza simiti, akailainisha kwa kidole gumba. Alama ya kidole hicho ilibaki pale ukutani.

Kisha akaanza kukohoa.

Hospitalini walimuuliza kama alivuta sigara. Akasema hapana. Daktari wa pili akamuuliza tena, na wa tatu akamvuta Joyline kando na kumuuliza yeye, kama mtu anayetaka kumsaidia mwongo. Makhanu hakuwahi hata kushika kiberiti isipokuwa cha kuwashia jiko. Saratani ya mapafu haikujali. Ilimchukua kabla ya mvua za masika, na lile swali la sigara likabaki na mjane wake. Kama si sigara, ni nini?

Basi siku msichana aitwaye Chelagat alipobisha langoni, na katika maelezo yake ya salamu na chuo kikuu na utafiti neno "mapafu" likapita, Joyline alimkaribisha ndani kabla hajamaliza kujieleza.

Chelagat alikuwa anasomea mambo ya miamba. Alivaa buti zenye matope, akakaa kwenye ukingo wa kochi la plastiki kwa uangalifu asiteleze.

"Mama, kuna gesi inaitwa radoni," alisema. "Inatoka chini, kwa mawe. Hapa kwetu Bonde la Ufa, ardhi imepasukapasuka, kwa hivyo inaweza kupata njia ya kupanda. Nje haina shida, upepo unaitawanya. Shida ni ikiingia kwa nyumba na ikose mahali pa kutokea."

"Inanuka aje?"

"Hainuki. Na huwezi kuiona."

Tangu moto wa lori la mafuta kule Sachangwan, uliomchukua binamu yake, Joyline alikuwa mtu wa kuogopa kila kinachonuka. Mtungi wake wa gesi aliuweka nje ya jikoni, na akisikia harufu ya petroli alivuka barabara. Alijua kuogopa kwa pua. Hakuna aliyekuwa amemfundisha namna ya kuogopa kitu ambacho pua haikijui.

"Na ukiivuta?"

"Si sumu ya siku moja, Mama. Ni ya miaka. Mtu akiivuta kwa wingi miaka mingi, inaweza kuleta kansa ya mapafu. Inaweza. Sisemi ni lazima."

Joyline aliinuka, akampeleka moja kwa moja chumba cha nyuma.

Alikuwa na sababu mbili za kutaka kujua. Ya kwanza alikuwa ameshaizika. Ya pili ilikuwa njiani. Binti yake wa pekee, Mercyline, alikuwa mjamzito. Mumewe, Khaemba, alikuwa askari katika kambi ya Gilgil, na alikuwa ametumwa kazini mbali. Mercyline alikuwa ameomba aje kujifungulia kwa mama yake, na chumba cha mgeni kilikuwa kimoja tu: hiki. Tangu mazishi, Joyline alilala sebuleni na kukiacha kimefungwa.

Chelagat alifunua kapeti, akatazama ufa uliopakwa simiti, akatazama juu ya dirisha. Kutoka kwenye begi alitoa mfuko unaong'aa kama fedha, akaupasua juu, akatoa kisanduku cheusi cha plastiki kisichozidi kiberiti. Hakikuwa na taa wala waya. Ndani yake, alieleza, mlikuwa na kipande cha plastiki maalum. Gesi ikiingia hukiachia alama ndogondogo, na alama hizo huhesabiwa maabarani. Alikining'iniza kwa uzi kwenye msumari, karibu na kichwa cha kitanda.

"Kitakaa hapo miezi mitatu. Usikifunike, Mama. Na huu mfuko wake uniwekee, utafungika tena kwa hii zipu yake. Ndio tutakirudishia."

"Kitu cha wenyewe," Joyline akaitikia, "hurudi kama kilivyokuja."

Habari hailali Kiamunyi. Kesho yake Kinsi alikuwa amesimama kwenye ua, leso begani, mkono kiunoni.

"Mama Mercy! Nasikia watu wa kupima walikuja kwako. Unauza ploti na hata huniambii?"

"Si ploti. Wamepima nyumba."

"Nyumba imepimwa? Kwani ina ugonjwa gani?" Kinsi akashusha sauti kwa madaha. "Si ungeiambia itulie na mume mmoja."

"Kinsi, wewe utachomwa na Mungu."

"Atanikuta nimeshapimwa. Huyo msichana amenitundikia changu pia, juu ya magunia ya sukari."

Walicheka, lakini Joyline alipoingia ndani kicheko kilibaki uani. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akanusa. Alinusa simiti, nguo za marehemu, dawa ya nondo. Akavuta pumzi tena, kisha akashtuka kwamba ameivuta, akaishikilia kifuani kama mtu aliyemeza mfupa wa samaki. Kuanzia hapo, kila alipoingia kufagia, alijikuta amebana pumzi. Aliogopa chumba, na punde akaanza kukiogopa hata kile kisanduku. Kilining'inia pale kimya kama popo, kikihesabu. Nani ajuaye kilikuwa kinahesabu nini?

Jambo lililomwondolea wasiwasi kidogo lilikuwa jambo alilolijua. Vumbi la barabara lilikuwa limeanza kutua juu ya kisanduku. Akakifuta. Kesho yake likatua tena. Kitu cha chuo kikuu hicho, na kitarudi kwa wenyewe kikiwa kama masizi! Joyline alikumbuka kauli ya Chelagat, naye hakuwa mtu wa kuvunja agizo. Hakukifunika kwa kitambaa, wala kwa leso. Alikichukua tu, akakivalisha ule mfuko wake wenyewe unaong'aa, akavuta zipu hadi mwisho, akautundika kwenye msumari ule ule. Moyo wake ukatulia, kama unavyotulia mtu anapomvisha mtoto sweta.

Chelagat aliporudi kukichukua alikikuta vivyo hivyo.

"Eh! Umeshakiweka tayari?" alisema kwa furaha. "Mama, kwingine nimekuta hata mfuko umefungiwa chumvi."

Joyline alitabasamu. Sifa ile ilimkaa vizuri.

Majibu yalikuja kwa simu, siku moja akiwa kwenye mashine yake ya kufuma. Nyumba yake ilikuwa na namba ya chini kabisa katika mtaa mzima. Joyline aliuliza mara ya pili, na Chelagat akarudia. Alipokata simu, aliangusha kichwa juu ya sweta ya kijani ya shule, akalia hadi sufu ikalowa. Basi si nyumba. Nyumba waliyoijenga haikumla mwenyewe. Liwe liwalo lililomuua, halikuwa na makao humu.

Aliosha chumba cha nyuma. Akatandika shuka jipya juu ya godoro lenye ganda. Mercyline alifika na tumbo lake na masanduku yake, na baada ya majuma machache akajifungua mtoto wa kiume. Hapakuwa na mjadala wa jina. Aliitwa Makhanu, jina la babu yake, na alipolazwa mara ya kwanza kwenye kitanda kile, Joyline alisimama mlangoni, machozi yakamtoka. Makhanu alikuwa amerudi chumbani kwake.

"Kukhu, mbona unalia na mimi ndio sijalala?" Mercyline akamtania, akimwita kwa cheo chake kipya cha bibi.

Upande wa pili wa ua, Kinsi hakuwa na furaha. Namba yake ilikuwa ya juu, na Chelagat alikuwa amemshauri afungue madirisha.

"Sasa mimi ndio mgonjwa," alilalamika. "Nyumba yako na yangu zimekaa kama meno mawili, na gesi imechagua Msomali. Hata hiyo ina ukabila!"

"Ni usafi, jirani," Joyline akasema kwa kiburi kidogo. "Panga vitu vyako."

Lakini jambo hilo lilikuwa limemkaa Chelagat pia. Nyumba mbili, ardhi moja, ufa mmoja unaopita chini ya ua, na namba mbili zisizofanana hata kidogo. Ndiyo maana alirudi tena, bila kualikwa, buti zile zile miguuni. Alimpongeza Mercyline, akambeba mtoto, kisha akaanza kutazamatazama. Macho yake yalitua kwenye rimoti iliyovaa nailoni, yakahamia kwenye kochi, yakahamia kwenye rundo la sweta, kila moja ndani ya mfuko wake. Akacheka.

"Mama, wewe unavalisha kila kitu!"

"Hata hicho chako nilikivalisha," Joyline akajibu kwa fahari. "Unadhani kilikaaje bila vumbi? Kiliingia kwa mfuko wake wiki ile ile ulipokileta."

Kicheko cha Chelagat kilikatika. Alimrudisha mtoto kwa mama yake taratibu, kama mtu anayeogopa kuangusha.

"Ule mfuko wa kung'aa? Ukavuta zipu?"

"Hukuniambia nisikifunike? Sikukifunika. Nilikivalisha."

"Mama," Chelagat alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "ule mfuko ndio kitu pekee gesi haipenyi. Tunakisafirisha ndani yake ili kisianze kuhesabu. Kilikuwa kimelala. Miezi yote hiyo, kilikuwa kimelala."

Mercyline hakuelewa, hakuwa ameambiwa habari za kifaa. Alimtazama mama yake, akamtazama mgeni. Joyline hakumtazama yeyote. Alikuwa anautazama mlango wa chumba cha nyuma.

Chelagat alikuwa na kifaa kingine garini, cha umeme, chenye kioo cha namba. Alikiomba kikae ndani ya chumba, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa kama kawaida, kwa siku chache tu. "Hiki nacho," alisema, akijaribu kutabasamu, "tafadhali kiache uchi."

Joyline alimhamishia mtoto sebuleni mchana ule ule. Alisema ni baridi. Alisema mzazi anafaa kuwa karibu na jiko. Alisema maneno mengi, na kila neno lilimfanya Mercyline azidi kukunja uso.

"Mum, mimi nimekuja kukaa kwa chumba cha Baba. Unanitoa kwani nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

"Basi nirudi Gilgil."

"Ngoja tu, mwanangu. Ngoja."

Alikuwa akienda kuchungulia kioo kile kila asubuhi, akifungua mlango kiasi cha kuingiza kichwa, pumzi ameibana. Chelagat alikuwa amemweleza: namba ikikaa chini ya mia moja, alale bila hofu. Ikipita mia tatu, wafanye jambo. Siku ya kwanza kilisoma mia na ishirini, naye akajiambia kwamba si mbaya. Ya pili kilisoma mia mbili na tisini. Namba ilipofika mia tano na sitini, Joyline hakufunga mlango. Alisimama pale pale, na kwa mara ya kwanza aliona chumba kama kilivyokuwa: dirisha lisilofunguliwa kwa kuogopa vumbi, matundu yaliyozibwa, na chini ya kapeti, ufa. Mumewe aliuziba mlango wa kuingilia usiozibika, kisha akaziba mlango wa kutokea. Alifanya yote mawili kwa upendo.

Alimwita Mercyline, akamweleza kila kitu. Hakuficha hata ule mfuko. Binti alimsikiliza, mtoto kifuani, mkono wake ukikaza leso polepole.

"Kwa hivyo Baba..."

"Chelagat anasema hakuna mtu anaweza kuapa. Na mimi siapi. Lakini huyu hatalala humo."

Fundi Jerry, aliyefanya kazi na Makhanu nyumba nyingi za mtaa, aliitwa na nyundo na patasi. Alipanda juu ya kiti, akaona alama ya kidole kwenye simiti, akashuka.

"Hii ni ya mzee," alisema. "Mathe, wacha nikutobolee matundu mengine hapa kando. Hii tuiache."

Lilikuwa wazo la huruma, na Joyline karibu akubali. Lakini alisikia mjukuu akilia sebuleni, mwenye lile lile jina na, kwa mbali, ile ile sauti nzito. Akachukua nyundo kutoka mkononi mwa Jerry, akapanda kiti.

"Samahani, Baba Mercy," alisema, akagonga.

Simiti ilikuwa ngumu. Makhanu hakujua kufanya kazi mbovu. Ilipoachia, ilianguka kipande kizima, na alama ya kidole gumba ikapasuka katikati. Vumbi likamjaa Joyline machoni na puani, kisha nyuma ya vumbi ukaja upepo kutoka upande wa Mlima Menengai, baridi, wenye harufu ya majani mabichi. Jerry alitoboa matundu yaliyosalia, akafungua dirisha lililokuwa limeshikana na rangi, akaahidi kurudi kuupasua ufa wa sakafu na kuuziba sawasawa, na kuweka bomba la kuitolea gesi nje juu ya paa, kama Chelagat alivyoelekeza.

Jioni ile kabla jua halijazama, walisimama watatu mbele ya kioo: Joyline, Mercyline, na mtoto aliyelala. Namba ilikuwa imeanza kushuka. Vumbi lilikuwa limetua juu ya kifaa, jeupe kama unga, na Joyline aliliacha. Nyuma yao godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani, ganda lake limechanwa, na lilionekana jembamba na la aibu kama kuku aliyenyonyolewa.

Mercyline alikuwa anatazama mahali kitanda kilipokuwa. Miguu yake minne ilikuwa imeacha mashimo kwenye kapeti. Aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akageuka.

"Mum. Baba hakulala hapa peke yake."

Joyline alijishughulisha na ukingo wa leso ya mtoto, akaukunja, akaukunjua.

"Mimi nilikuwa upande wa dirisha," alisema.

"Dirisha lililofungwa."

Nje, upande wa pili wa ua, Kinsi alisikika akimfokea mteja afunge mlango wa duka, kisha akakumbuka, akamfokea auache wazi. Joyline alitaka kucheka. Aliivuta pumzi ili acheke, na ikamkwama pale pale alipokuwa akiibana miezi yote ile, katikati ya kifua.

"Kesho tunaenda hospitali," Mercyline alisema. "Upimwe."

"Nani atamshika mtoto?"

"Tutaenda naye."

Joyline alitikisa kichwa kukubali. Akamchukua mjukuu, akamlaza begani, akasogea naye hadi dirishani. Alimvua sweta aliyomfumia, akatoa kipande cha nailoni kilichokuwa kimenasa ukosini, akamvisha tena. Kisha akasimama palepale upande wake, uso nje, akajaribu kuvuta hewa hadi chini kabisa, polepole, akisikiliza kama kuna kitu ndani kitakachomjibu.